Remmy Ongala na Wimbo Ambao Redio Haikuupiga

 

Juma hili nataka tumzungumzie mwanamuziki mmoja tu, marehemu Ramadhani Mtoro Ongala, ambaye wengi wetu tulimfahamu kwa jina la Dokta Remmy. Simchagui kwa sababu alipiga gitaa kuliko wenzake wote. Nchi hii haijapata kuwa na upungufu wa wapiga gitaa. Namchagua kwa ajili ya wimbo wake mmoja, Mambo kwa Soksi, ambao redio ya taifa ilikataa kuupiga mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mimi ugali wangu unatoka redioni. Kwa hiyo habari ya wimbo uliokataliwa na redio inanihusu, na nitaeleza mbele kwa nini inanihusu zaidi ya ninavyopenda.

Tuanze na maisha yake. Remmy alizaliwa tarehe 10 Februari 1947 huko Kindu, katika eneo la Maniema, mashariki ya Kongo, wakati nchi hiyo ikitawaliwa na Wabelgiji. Watu wa upande ule wanazungumza Kiswahili tangu enzi za misafara ya biashara ya karne ya 19, hivyo alipokuja kuishi kwetu hakuja na ulimi wa kigeni. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba kabla yake mama yake alikwisha kupoteza watoto wawili, na mganga wa kienyeji akamwagiza asijifungulie hospitali, tena mtoto akizaliwa asinyolewe nywele. Kwa masimulizi hayo, mtoto alitoka tumboni akiwa na meno mawili tayari. Hapo ndipo penye asili ya zile nywele ndefu alizokuwa nazo, na asili ya cheo cha Dokta, maana mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mganga tangu kuzaliwa.

Alibaki yatima angali kijana, akaingia katika muziki kutafuta riziki, akapiga katika bendi za Kongo na kuzungukia hadi Uganda. Mwaka 1978 aliwasili Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, Mzee Makassy. Miaka michache baadaye Makassy walihamia Nairobi. Remmy hakwenda nao. Alibaki Dar es Salaam, akaingia katika bendi ya Matimila, ambayo baadaye watu waliijua kwa jina la Super Matimila, na humo ndimo alimopata jina.

Hapa kuna jambo ambalo vijana wa leo huenda hawalifahamu. Katika miaka ile bendi kubwa nyingi zilikuwa na mwenyewe. JUWATA Jazz ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Mlimani Park ilikuwa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, Polisi walikuwa na bendi yao, hata shirika la bima lilikuwa na yake. Mwanamuziki alipokea mshahara, na vyombo vilikuwa vya ofisi. Utaratibu huo ulilea vipaji vingi, na hakuna wa kuubeza. Lakini mtu anayelipwa na ofisi hupima maneno yake. Super Matimila haikuwa bendi ya ofisi. Ilikula kwa viingilio vya mlangoni. Kwa sababu hiyo Remmy aliweza kuimba habari za mnyonge, habari za kifo, na habari za mtu mwenye sura mbaya anayedharauliwa, huku akijiita yeye mwenyewe Sura Mbaya bila haya yoyote. Watu walicheka, kisha wakaenda nyumbani wakitafakari.

Mwaka 1988 kanda yake ilikwisha kufika Uingereza, na bendi ikaalikwa kwenye maonyesho ya WOMAD, tamasha ambalo mmoja wa waasisi wake ni Peter Gabriel, mwimbaji wa muziki wa roki. Mwaka 1989 kampuni ya Real World, ya Gabriel huyohuyo, ilitoa santuri ya Remmy na Super Matimila iitwayo Songs for the Poor Man, yaani nyimbo za mtu maskini. Mgeni aliyekuja kutoka Kindu akapeleka Kiswahili cha Dar es Salaam kwenye majukwaa ya Ulaya. Angeweza kutulia hapo, akapiga nyimbo za mapenzi na kuhesabu fedha. Hakutulia.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI hapa nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kufikia 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikwisha kuwa na wagonjwa. Kule Kagera waliuita Juliana, Uganda wakauita Silimu, na mitaani kwetu mtu aliyeupata aliambiwa amekanyaga miwaya. Majina yalikuwa mengi kwa sababu lile la kweli lilikuwa zito mdomoni.

Ukanda wetu wa dhahabu ulikuwa umejiandalia msiba bila kujua. Mgodi mkubwa wa Geita wa enzi za mkoloni ulifungwa mwaka 1966, lakini dhahabu haikuondoka na wazungu. Katika miaka ya 1980 na 1990 wachimbaji wadogo walimiminika Geita, Nyarugusu, Rwamgasa, na huku Kahama kwenye machimbo ya Bulyanhulu. Palipotokea rashi leo, kesho pana vibanda vya nyasi na maturubai, mama ntilie, wauza gongo, baa yenye jenereta, na wanaume mamia kwa mamia walioacha wake zao mbali. Mchimbaji anashuka kwenye duara asubuhi bila uhakika wa kupanda jioni. Mtu wa namna hiyo ukimweleza habari ya ugonjwa utakaomuua baada ya miaka 8 au 10, anakuona kama unamsimulia hadithi ya sungura na fisi. Siku mawe yakitoka mazuri fedha inalala mfukoni usiku mmoja tu, nao usiku huo ndio uliokuwa na hatari.

Na ilikuwapo kinga. Watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya mkoa wa Mwanza, ambao wakati huo ulikuwa na Geita ndani yake, walitangaza mwaka 1995 kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika zahanati za kawaida kulipunguza maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI kwa kiasi cha asilimia 40. Dunia nzima iliisoma habari hiyo, nayo ilitoka kwetu, kwenye zahanati zetu za bati. Na kinga nyingine, iliyo rahisi kuliko hiyo, ilikuwa ni ule mpira ambao baba hakuweza kuutaja mbele ya mwanawe.

Ndipo Remmy akatafuta jina. Hakutumia neno la hospitali. Alitumia neno soksi, akawahimiza wanaume wavae soksi. Tazameni busara iliyomo. Soksi ni kitu ambacho mtoto wa shule anacho. Mama mkwe anaweza kulisikia neno hilo akaendelea kuchambua mchele. Mwanamume anaweza kulitamka dukani bila kuinamisha uso. Neno lilikuwa nguo aliyoivisha maana ili ipite mbele za watu.

Kwetu Usukumani jambo hili si geni. Baada ya mavuno, Bagalu na Bagika wanaposhindana kwa ngoma, manju huruhusiwa kusema katika wimbo yale ambayo angeyasema kikaoni angetozwa faini. Wimbo una ruhusa yake. Remmy aliitumia ruhusa hiyo.

Redio ya taifa ikasema hapana.

Nataka nitende haki kwa waliokataa. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa sauti ya nchi. Vituo vya redio vya watu binafsi havikuwapo hadi katikati ya miaka ya 1990. Studio ya redio ndiyo iliyorekodi nyimbo za bendi karibu zote, na maneno yalipitiwa kabla ya wimbo kurekodiwa. Redio moja ilisikilizwa na ukoo mzima, baba, mkwe na wajukuu, wamekizunguka chombo kimoja kwenye kigoda. Wakubwa wa redio walijiuliza, tukiupiga wimbo huu saa ya chakula cha jioni, mzee wa Maswa atatufikiriaje? Hilo halikuwa swali la kijinga. Viongozi wa dini nao walikuwa na msimamo wao. Waliokataa waliamini wanalinda heshima.

Lakini sikilizeni kilichotokea. Wimbo haukufa. Ulirudufiwa katika vibanda vya kanda, ukapanda mabasi na malori, ukafika machimboni kabla ya bwana afya. Mimi niliusikia mwaka 1993 nikiwa na miaka 13. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa mchimbaji upande wa Nyarugusu. Alikuja nyumbani Shinyanga na redio kaseti kubwa ya spika mbili, betri 8, na mfuko wa kanda. Jioni aliweka wimbo wa Soksi, akaongeza sauti, akacheza uani. Bibi alidhani ni wimbo wa mpira wa miguu, akauliza kama Simba wameshinda. Mjomba alicheka hadi akakaa chini. Wimbo wote aliujua kwa moyo.

Mjomba alifariki mwaka 1996. Alirudi nyumbani mwembamba, akalala chumba cha nyuma miezi minne. Walioketi naye walisema amerogwa na mshirika wake wa duara kwa sababu ya mgawo wa mawe. Katika mkoa wetu, ambako vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi kwa ajili ya macho mekundu tu, maneno ya namna hiyo si mzaha. Hakuna aliyetaja jina la ugonjwa, wala mama yangu aliyekuwa akimwogesha.

Kwa miaka mingi jambo hili lilinisumbua. Mtu aliyeujua wimbo wote kwa moyo, iweje afe kwa kitu kilekile ambacho wimbo ulimwonya? Wengine watasema basi wimbo haukuwa na faida. Mimi nimefika mahali pengine. Mjomba aliusikia wimbo ule baa. Kanda ilikuwa kitu cha starehe, na kilichosemwa ndani ya kanda kilikuwa mzaha wa Dokta Remmy. Kilichosemwa na redio kilikuwa kitu kingine kabisa. Kifo kikitangazwa redioni, watu walipanda basi kwenda matangani bila kuuliza mara ya pili. Bei ya pamba ikitangazwa redioni, ndiyo bei. Kama wimbo uleule ungetoka katika chombo kile kilichotangaza vifo na bei ya pamba, mjomba angeujua kama habari, si kama kichekesho. Redio ilipoukataa haikuuzuia usisikike. Iliuvua uzito wake.

Wala Remmy hakuwa peke yake barani. Franco Luambo Makiadi wa Kinshasa alitoa wimbo wake wa kuonya juu ya UKIMWI mwaka 1987. Philly Lutaaya wa Uganda alijitokeza mwaka 1989 akawaambia wananchi wenzake kwamba yeye mwenyewe ni mgonjwa, akaenda shuleni na makanisani kuwaeleza, akafariki tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. Waganda wengi wanasema pale ndipo ugonjwa ulipopata uso wa mtu. Kwa upande mwingine, mtoto wa Unguja aliyepata kuwa mwimbaji mkubwa wa roki duniani, Farrokh Bulsara, yaani Freddie Mercury, alikaa kimya hadi tarehe 23 Novemba 1991, akatangaza kuwa ana UKIMWI, na kesho yake akafariki. Simlaumu. Mgonjwa ana haki ya siri yake, na magazeti ya London yalimwinda kama mnyama. Nataka tu tuone kwamba hata London, kwenye fedha na madaktari, ulimi ulikuwa mzito. Basi mtu aliyesimama Dar es Salaam, asiye mgonjwa, asiyelazimishwa na yeyote, akawaambia wanaume hadharani wajikinge, alikuwa na moyo.

Gharama ya kuchelewa ilikuja kulipwa. Tarehe 31 Desemba 1999 Rais Benjamin Mkapa aliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Tume ya kuudhibiti ikaundwa mwaka 2001, na dawa za kupunguza makali zikaanza kutolewa bure kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Baada ya hapo neno kondomu lilitamkwa redioni asubuhi, mchana na jioni, na mbingu hazikuanguka. Hata hivyo utafiti wa 2011 na 2012 ulikuta kwamba Watanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye virusi walikuwa asilimia 5.1, na katika mkoa wetu wa Shinyanga asilimia 7.4. Sisemi wimbo mmoja ungezifuta tarakimu hizo. Nasema kati ya wimbo ule na tangazo lile la Rais ilipita miaka mingi, na ndani ya miaka hiyo kila boma hapa lilizika mtu.

Sasa nije kwenye deni langu. Mwaka 2005 nilikuwa mtangazaji kijana katika kituo ambacho sitakitaja. Nilikuwa na kipindi cha simu za wasikilizaji. Mwanamke mmoja alipiga simu kutoka machimboni. Alisema anauza chakula, na kwamba wapo wateja wanaomwongezea fedha akikubali bila soksi. Alitumia neno hilohilo la Remmy. Alitaka kuuliza afanyeje, kwa sababu ana watoto watatu na mtaji umekwisha. Nilipeleka mkono, nikamkata. Nikawaambia wasikilizaji kwamba laini imeharibika, nikaweka muziki laini.

Hakuna bosi aliyeniamuru. Hakukuwa na sheria iliyonikataza. UKIMWI ulikwisha kuwa janga la taifa miaka mitano iliyopita, na matangazo ya kinga tulikuwa tukiyasoma kila saa kwa malipo. Nilikuwa tayari kulitamka neno lile kwenye tangazo, lakini mtu halisi alipolileta na shida yake halisi, niliona haya. Nilikuwa mwana wa nyumba iliyomzika mjomba, na bado nilimkata. Yule mama hakupiga tena. Tangu siku ile sijaweza kuwacheka wale wazee wa studio walioukataa wimbo. Niliwaelewa, na kuwaelewa hakukunipunguzia aibu.

Heshima ni kitu kizuri, na mimi nimelelewa nayo. Lakini nimejifunza kuiuliza swali moja: inamlinda nani? Ikiwa inamlinda mtoto na maneno machafu, ni heshima. Ikiwa inamlinda mtangazaji asione haya huku msikilizaji anakwenda kaburini, hiyo ni woga uliovaa kanzu. Remmy aliweza kuutenganisha uchafu na ukweli. Alitupa sisi watu wa redio neno safi kabisa, soksi, tukalirudisha.

Tumalizie maisha yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alipatwa na kiharusi, na kisukari kikamsumbua. Aliuacha muziki wa dansi, akaokoka, akaimba nyimbo za Injili akiwa mtu anayetembea kwa shida. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, akiwa na miaka 63. Alikuja kama mgeni, akafa Mtanzania. Pale alipoishi, makondakta wa daladala wanapaita Sinza kwa Remmy, na abiria ambao hawakuwahi kumwona akipiga gitaa wanashuka hapo kila siku wakilitaja jina lake. Ni kumbukumbu nzuri kuliko sanamu.

Radio Tanzania nayo si ile tena, sasa ni TBC. Geita imekuwa mkoa tangu 2012. Migodi mikubwa imechimbwa, na wachimbaji wadogo bado wapo, bado wanashuka kwenye maduara asubuhi na kupanda jioni wakijaliwa. Na simu zao bado zinaingia studio. Nikisikia sasa sauti ya mtu anayesitasita, anayezungukazunguka kabla ya kusema, naondoa mkono mezani nauweka mapajani, mbali na kitufe.

Mazungumzo haya yaliposomwa hewani, nilimwomba fundi mitambo afunge kipindi kwa Mambo kwa Soksi, wote, tangu gitaa la kwanza hadi la mwisho. Ilikuwa saa moja na robo jioni, saa ya chakula. Msomaji wa gazeti hukuupata, nami nakuomba radhi kwa hilo, karatasi haina sauti. Utafute. Ukiupata, usiusikilize peke yako chumbani. Uweke uani, watoto wakiwapo.

Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.